Kobe Waliokuja kwa Gunia

Siku mliponiaga ofisini nilisema maneno machache, na mengi yalikuwa ya kuwashukuru walioleta soda. Baadaye ninyi mnaoanza kazi mkanilaumu kwamba sikueleza lolote kuhusu kazi yenyewe. Mlikuwa na haki. Sijawahi kuweza kusema jambo la maana nikiwa nimeshika kipaza sauti. Sasa niko nyumbani, nina kiti, nina muda, na nina magoti yanayonikataza kwenda mbali, kwa hiyo naandika. Naandika kwa Kiswahili ili hata wenzetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, wasome, maana wanyama wetu wengi walipita mikononi mwao kwanza, au walipaswa kupita. Vyeo nitaviruka kwa sababu vilichelewa, na mshahara nitauruka kwa sababu mnaujua.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko, na huko ndiko nilikosoma shule. Tuliporudi Rwanda nikasomea afya ya wanyama. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa upande wa mashariki, kwenye yale maziwa madogo yaliyozungukwa na mafunjo. Wenzangu walipewa ng'ombe, mimi nikapewa kobe wa maji. Nilidhani kuna mtu nimemkosea.

Siku ya kwanza nilisimama kwenye tope mpaka mapajani, wavu mkononi, na sikuona kobe hata mmoja. Wao walikuwa wananiona. Kobe wa maji hutoa pua tu, akavuta hewa, akazama tena, na mtu mwenye haraka hataona zaidi ya kiputo. Ilinibidi nijifunze kukaa kimya mahali pamoja, jambo ambalo chuoni hatukufundishwa. Nilipojifunza, ndipo nilipoanza kuona. Kulikuwa na kobe mwenye bawaba, ambaye ganda lake la tumbo lina kiungo upande wa mbele. Akitishwa hulifunga kama mlango. Kulikuwa na mwingine mdogo asiye na bawaba, mwenye harufu mbaya mno akishikwa, ambaye hukaa hata kwenye dimbwi linalokauka na kujifukia topeni akisubiri mvua. Wote wawili hawarudishi shingo ndani moja kwa moja kama kobe wa nchi kavu. Huilaza pembeni chini ya ukingo wa ganda, kama mtu anayeficha uso begani.

Kazi yao nayo niliielewa kidogo kidogo. Nyati alikufa kwenye kinamasi, na kabla ndege hawajamaliza juu, kobe walikuwa wameshaanza chini; maji ya pale hayakuoza kama nilivyotarajia. Waliwaokota samaki wagonjwa kabla ugonjwa haujasambaa. Walikula konokono, wakiwemo wale wanaobeba kichocho, wakala viluwiluwi vya mbu, wakala matunda yaliyoangukia majini na kwenda kuziacha mbegu mbali. Mara moja nilimwona nyati mzima amelala topeni na kobe wakimng'oa kupe mapajani, naye katulia kama mtu kwa kinyozi. Mamba na korongo nao waliwala kobe wadogo. Kila mmoja pale alimfanyia mwenzake kazi bila kuulizwa. Nilikuwa narudi nyumbani na matope hadi masikioni, na sikutaka tena ng'ombe.

Basi, kwa hekima ambayo ofisi peke yake inayo, mara nilipoanza kumjua mnyama huyu nikahamishiwa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Kivu lina sambaza, dagaa wa huku, lina tilapia, lina kaa na fisi maji, lakini miaka yote niliyofanya kazi hapa sikuona ndani yake kobe ambaye hakutiwa na mtu. Kobe wote niliowashika Gisenyi walikuja kwa gunia.

Wa kwanza alikuja siku yangu ya kwanza kazini. Nilipelekwa mpakani, kwenye chumba cha ukaguzi wa wanyama, nikamkuta Kabera. Kabera alikuwa muuguzi wa mifugo, mzaliwa wa Masisi, Kongo, aliyerudi Rwanda na familia yake, mtu mrefu ambaye sikuwahi kumwona na suruali iliyomfika kwenye viatu. Nilimsalimia kwa adabu zote za Karagwe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema Kiswahili changu kimetoka dukani na bado kiko kwenye karatasi yake. Hapo akapita mwanamke mmoja na gunia la makaa kichwani. Kabera akamsimamisha.

"Mama, hii gunia yako iko inapumua," akamwambia.

Chini ya makaa kulikuwa na kobe wawili wa ganda laini, kutoka mito ya Walikale, wamefungwa miguu kwa mipira ya baiskeli. Ganda lao halina magamba, ni ngozi kama ya mkanda uliolowa, na pua yao ni ndefu kama mrija. Walikuwa wanapelekwa kwa mtu aliyetaka nyama yao. Nilikimbilia ndoo kubwa ya maji niwatumbukize. Kabera akanishika mkono. Kobe aliyechoka hawezi kuinua kichwa kuvuta hewa. Ukimtia kwenye maji mengi anazama, nawe unasimama pale ukijisifu kwamba umemwokoa. Kwanza kivuli, alinifundisha, halafu maji ya kufika kidevuni, halafu ndipo uulize anaitwa nani.

Vifaa vyetu vilikuwa beseni, glavu, mswaki kuukuu wa kusugulia ganda ili mistari yake ionekane, mizani ya kutundika kama ile ya wauza nyama, na utepe wa fundi cherehani, kwa sababu kipimo rasmi tuliahidiwa na naamini bado kiko njiani. Kabera alimgeuza kobe kwa mikono miwili, polepole, akasoma tumbo lake. Je, lina bawaba? Ukingo wa nyuma ni laini au una meno? Kucha ni ngapi? Alisema kila kobe amebeba anwani yake mgongoni na tumboni, ni sisi tu tusiojua kusoma. Nilijifunza kusoma kwake.

Jambo lililotusumbua zaidi halikuwa wachuuzi. Lilikuwa wema wa watu. Mtu anamkuta kobe sokoni, moyo unamuuma, anamnunua, anachukua basi dogo hadi Rubona na kumwachia ziwani mbele ya watoto wake. Anarudi nyumbani ametulia. Mmoja wa kobe hao tuliletewa na wavuvi kutoka bandarini, amenaswa kwenye wavu wa sambaza, ana minyoo ambayo hatukuwahi kuiona upande huu. Ufuo wa pale mwingi ni mwamba mtupu wa volkano, hakuna mafunjo, hakuna mwenzake hata mmoja. Nilikwenda kuzungumza na yule aliyemwachia, mtumishi wa ofisi moja mjini, mtu mpole sana. Aliniuliza kama kobe wa maji hakutaka maji, alitaka nini. Nilimjibu kwamba hata yeye huishi kwenye hewa, lakini hewa ya kila mahali si nyumbani kwake. Sijui kama alinielewa. Mkiwapata watu wa namna hiyo msiwafokee, maana wameshafanya kitu ambacho wengi hawafanyi, yaani kuumia kwa ajili ya mnyama.

Nije sasa kwenye kesi iliyonifanya hasa nishike kalamu.

Katika mtaa ulio nyuma ya msikiti kulikuwa na nyumba ya zamani yenye tangi la saruji lililochimbwa ardhini kupokea maji ya mvua. Hapa petu mwamba ni mgumu, kuchimba kisima ni kazi, na watu wa zamani walitegemea paa. Mwenye nyumba alikuwa Mama Zaituni, mjane. Ukoo wa mume wake ulikuwa wa wafanyabiashara wenye asili ya Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, na baba mkwe wake ndiye aliyerudi kutoka Ujiji safari moja na kobe wa kukaa kiganjani. Alimtia ndani ya tangi ili ale viluwiluwi vya mbu na kuyasafisha maji. Walimwita Bwana Ujiji. Mtaa mzima ulimjua. Watoto waliofanya vizuri shuleni walipelekwa kuchungulia kwenye mdomo wa tangi wakaone kichwa chake. Familia ilisema ana miaka mia moja, na katika mambo ya namna hiyo watu hupenda kuongeza. Lakini Mama Zaituni alimkuta humo alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na sasa alikuwa bibi kweli.

Kiangazi kimoja watoto wa nyumba ile na wa majirani waliokuwa wakichota maji pale walianza kuumwa tumbo. Aliyezidiwa alikuwa Rehema, mjukuu wa Mama Zaituni, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Akalazwa. Mimi na Kabera tukatumwa kuyapima maji. Majibu yalionyesha vijidudu vya kinyesi, vya aina ambayo kobe huvibeba tumboni bila yeye kuugua. Sikuweza kuapa kwamba ni yeye peke yake, kwa maana paa lilijaa kunguru na mfereji wa bati ulijaa vitu ambavyo sitavitaja kwenye maandishi. Hata hivyo kobe anayeishi ndani ya maji ya kunywa hana wakili wa kumwokoa.

Mkuu wetu aliagiza mnyama atolewe na auawe. Haukuwa ukatili. Kanuni yetu ilisema mnyama ambaye asili yake haijulikani, na aliyefugwa muda mrefu, asirudishwe kwenye maji yoyote ya wazi, maana hatujui anabeba nini. Mimi mwenyewe niliwafundisha wengine kanuni hiyo. Nilikubaliana nayo, na hadi leo nakubaliana nayo. Niliondoka ofisini na begi la dawa begani.

Tulimkuta Mama Zaituni ameketi juu ya mfuniko wa tangi. Alikuwa ametandika mkeka, tasbihi iko mkononi. Akatukaribisha vizuri, akaagiza tuletewe chai, akauliza habari za nyumbani kwetu moja baada ya nyingine. Hakuondoka juu ya mfuniko.

Uani walikuwepo majirani, na mbele yao Hamisi, fundi cherehani, ambaye mwanawe naye alikuwa mgonjwa. Hamisi alikuwa ameshonea nyumba ile nguo tangu ujana wake, na alizungumza akitazama chini. Alisema anamheshimu Mama kama mzazi wake, lakini mtoto wake anaharisha na yeye hawezi kungojea kobe afe kwa uzee. Mama Zaituni akamjibu kwamba marehemu bwana yake alimwachia neno moja tu juu ya tangi lile, kwamba kobe asitoke majini, kwa sababu akitoka maji yataoza. Yeye ameyanywa maji yale tangu ndoa yake. Watoto wake waliyanywa. Akawauliza majirani kama kuna aliyekufa kwa ajili ya maji yale.

Nikajaribu mimi. Nilimweleza yale niliyoyaona mashariki. Nilisema ni kweli kobe husafisha, lakini kule kinamasini hafanyi kazi hiyo peke yake. Kuna maji yanayotembea, kuna mafunjo yanayochuja, kuna kaa, kuna ndege, kuna wadudu wa kumaliza uchafu wake yeye. Ndani ya tangi anakula mbu, anakula mjusi aliyeanguka, halafu hakuna wa kusafisha baada yake. Nilijiona nimeeleza vizuri. Mama Zaituni alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc ni kusema munataka kumuua juu amekaa peke yake," akasema.

Nikachukua kikombe cha chai yake, nikanywa. 

Kabera akaomba amwone tu kobe, asimguse. Mama Zaituni akasogea kidogo, mfuniko ukafunguliwa kwa upana wa mkono. Kabera akaazima kioo cha Hamisi, kile cha wateja, akalirusha jua ndani ya tangi. Kobe akapanda kuvuta hewa. Tuliona uti wa mgongo wake umeinuka katikati ya ganda, na ukingo wa nyuma una meno kama msumeno. Kabera akamtazama muda mrefu.

"Mama, bazee yenu habakudanganya," akasema. "Huyu ni mutu ya Tanganyika kabisa."

Nilijua anachofikiri kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiri. Kanuni ilimhukumu mnyama ambaye asili yake haijulikani, na huyu asili yake ilikuwa imeandikwa kwenye ganda. Kumrudisha Ujiji halikuwa jambo la kusema. Hakuna nchi itakayompokea mnyama aliyetoka kwenye tangi na vijidudu vyake, na ingekuwa sahihi kukataa. Lakini kati ya kumrudisha na kumuua palikuwa na nafasi ndogo. Nilirudi ofisini nikaomba abaki uani kwa mwenyewe, kwenye bwawa lake dogo lisilogusana na maji ya watu, na tangi likaushwe na kusuguliwa. Mkuu alinitazama kama mtu anayehesabu matatizo yatakayomfuata. Mwishoni akakubali, kwa sharti kwamba kobe awe ametoka kabla ya swala ya Ijumaa, majirani watakapokusanyika pale msikitini. La sivyo amri ya kwanza itarudi, na watapelekwa watu wengine kuitekeleza.

Kwa hiyo uhai wa kobe ulikuwa mikononi mwa mtu aliyempenda kuliko wote, naye hakutaka kuinuka. Nilikwenda kila asubuhi. Nilimweleza juu ya bwawa, juu ya klorini, juu ya wavu wa kuzuia mbu utakaofunika mdomo wa tangi. Aliitikia kwa heshima, akavuta tasbihi. Alikuwa na hofu mbili na zote zilikuwa za haki: kuvunja neno la bwana yake, na kukaa kiangazi kizima bila maji. Hiyo ya pili Hamisi aliiondoa kwa kuahidi mbele ya watu kwamba majirani watamletea maji kwa zamu hadi mvua inyeshe. Ile ya kwanza hakuna aliyeweza kuigusa.

Alhamisi binti yake alitoka hospitalini na Rehema. Mtoto alikuwa amepungua hata khanga aliyofungiwa ilionekana kubwa kwake.  Binti yule alimwendea mama yake, akamweka mtoto mapajani mwake, pale pale juu ya mfuniko, akaingia ndani. Mama Zaituni alimshika Rehema, akampapasa mgongo ambao mifupa yake ilikuwa inahesabika. Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akasimama na kuukunja mkeka.

Tuliyatoa maji kwa ndoo, majirani wamejipanga mstari, hadi alasiri. Yalipobaki ya kufika magotini Kabera akashuka kwa ngazi. Akanipandishia kobe akiwa amefungwa kwa kitambaa kilicholowa, mzito kuliko nilivyodhani, na nikamweka kivulini. Watu walimzunguka. Wengi walikuwa wamejua kichwa chake tu maisha yao yote. Nilimgeuza kama nilivyofundishwa, nikaangalia mkia, na mkia ulikuwa mfupi. Kobe dume ana mkia mrefu, mnene. Nilitaka kumwita Kabera nimwambie, lakini yeye akaniita kwanza, kwa sauti ambayo sikuizoea kwake.

Nilishuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope la chini ya tangi, akichota kwa viganja. Ndani ya tope kulikuwa na mayai. Machache yalikuwa mazima, meupe, marefu kidogo kuliko ya njiwa. Chini ya hayo yalikuwa yaliyopasuka, na chini zaidi vipande vya maganda, na kila alipochota palikuwa na vingine.

Niwaeleze ninyi ambao hamjawahi kuliona hili. Kobe wa maji hatagi majini. Hata yule asiyetoka majini mwaka mzima, siku zake zikifika hupanda nchi kavu, akatembea mpaka apate udongo unaomridhisha, akachimba. Asipopata nchi kavu huyazuia mayai hadi mwili ukatae, kisha huyaangusha ndani ya maji, nayo huharibika. Huyu hakuwa na dume, kwa hiyo mayai yake yalikuwa matupu tangu mwanzo, lakini mwili wake haukujua hilo. Msimu baada ya msimu alizunguka kuta nne za saruji akitafuta mahali pa kupandia. Na juu yake sisi watu tulikuwa tunachungulia, tunasema Bwana Ujiji yuko, anafanya kazi yake. Nililia ndani ya tangi lile. Kabera akajipa shughuli ya kuosha mikono kwenye maji machafu kuliko mikono yenyewe.

Alipanda na mayai kwenye beseni, akachuchumaa mbele ya Mama Zaituni, akamweleza taratibu. Alimwambia huyu hakuwa bwana, alikuwa mama. Sikusikia mtu akicheka. Mama Zaituni akachukua yai moja, akaligeuza kwenye mwanga, akauliza ameanza lini. Kabera akamwambia pengine tangu yeye mwenyewe alipokuwa anazaa. Mama Zaituni akalirudisha yai kwenye beseni kwa uangalifu, kama linaweza kuumia. Halafu akauliza mnyama anahitaji nini, na Kabera akasema mchanga. Hamisi alikuwa ameshatoka kutafuta mkokoteni.

Bwawa lilijengwa pembeni mwa ua, dogo, lenye mteremko unaopanda hadi kwenye kitanda cha mchanga wa ufukweni, na uzio wa kuzuia kuku. Tangi tulilisugua kwa klorini, tukafunga wavu, tukawafukuza kunguru kadiri kunguru wanavyofukuzika. Mvua ziliponyesha nilipima maji, yakawa safi. Mama Zaituni ndiye aliyeyanywa wa kwanza, kikombe kizima, watu wakimtazama, akasema marehemu atamsamehe. Rehema alipona. Kobe kwa muda mrefu hakuonekana. Alikaa chini kabisa kwenye kona moja, labda jua lilikuwa kubwa mno kwake. Kila nilipopita pale mchanga ulikuwa kama tulivyouacha, nikaanza kujiandaa kumwambia Mama Zaituni kwamba huenda tumechelewa.

Kisha asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika, Mama Zaituni akaagiza niitwe haraka. Nilichukua glavu na chombo cha sampuli nikaenda, nikidhani kobe amekufa. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya uzio, akanionyesha kwa kidevu. Kobe alikuwa juu ya mchanga. Alikuwa anachimba kwa miguu ya nyuma, mguu mmoja baada ya mwingine, anatoa mchanga kidogo, anapumzika, anarudia, bila kugeuza kichwa. Hakuna aliyewahi kumfundisha, wala hajawahi kumwona mwingine akifanya. Akataga. Akafukia, akalikandamiza shimo kwa ganda la tumbo hadi pakawa sawa, usingejua pana kitu. Halafu akateremka majini.

Kazi yangu pale ilikuwa wazi. Mayai yalipaswa kufukuliwa na kupelekwa kupimwa vijidudu. Nilivaa glavu. Mama Zaituni akaniuliza kama yatatoa watoto, na nilimwambia ukweli, kwamba hayatatoa, hayana baba. Nilitazamia ahuzunike. Alitikisa kichwa tu, macho yake yako mchangani.

"Bon," akasema. "Mi niko na batoto babili balikufa kule ng'ambo, wakati ya kukimbia vita. Batu balibafukia, mi sikuwa pale. Mpaka leo sijui ni pahali gani." Akaelekeza mkono kwenye bwawa. "Huyu amefukia ya kwake mwenyewe, na pahali anapajua. Usiyatoe, mwanangu."

Nikavua glavu, nikaketi mchangani kando ya kigoda chake, naye akaniambia majina ya wanawe wale wawili.